Tabora hadi Ujiji, kwenye arobaini ya Bibi

Bibi alifariki Ujiji siku ya tano ya mwezi mwandamo. Siku ya kifo ikihesabiwa kuwa ya kwanza, arobaini inaangukia tarehe 14 au 15 ya mwezi unaofuata, mwezi ukiwa mpevu. Yeye aliyeuza dagaa maisha yake yote angeliona hilo kabla yetu sote. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huwakusanya dagaa kwa taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina nguvu, samaki wanatawanyika na mitumbwi inalala ufukweni. Kwa hiyo wiki mbili kabla, giza likiwa limetanda, tuliwapigia simu wa Ujiji wanunue dagaa wakavu kwenye mwalo wa Kibirizi.

Tuliwakumbusha vipimo vya Bibi. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha na anavunjika kwa mlio. Aliyegeuka manjano alinyeshewa kabla hajakauka, mafuta yake yameharibika na hata ukimkaanga atabaki na uchungu. Waliokaushwa mchangani ni nafuu kwa bei, ila mchanga hauishi hata ukiosha mara tatu. Nunua wa kichanjani. Chota kiganja kimoja, tikisa kwenye bakuli la maji, utazame kilichotua chini. Bibi hakumwonea mtu haya kwenye hilo. Alilifanya mbele ya muuzaji, kisha ndipo akauliza bei ya sado, kopo la kupimia.

Sisi tulibeba asali. Miaka yote yeye alituma dagaa kwa treni, Tabora ikamrudishia asali ya miombo, tukaona si vizuri kwenda mikono mitupu. Asali usijaze dumu hadi shingoni, acha vidole vitatu, maana joto la behewa huisukuma juu na kifuniko kinavuja. Weka nailoni mdomoni kabla ya kufunga.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka Tabora ni kilomita 400 hivi. Masika ongeza siku moja kwenye mpango wako, kwa sababu maji yakikata tuta, treni haina njia nyingine. Unapita Urambo kwenye tumbaku, kisha Kaliua ambako reli ya Mpanda inachepuka. Nguruka wanapitisha dirishani samaki wa Malagarasi waliokaushwa kwa moshi; chagua mkavu hadi kwenye mgongo, wengine wameiva nje tu. Uvinza tulinunua chumvi. Inatokana na chemchemi za palepale, na Bibi hakupikia nyingine alipoweza kuipata.

Kigoma stesheni unashuka ziwa likiwa mbele yako. Bajaji inapanda Mwanga, inateremka Ujiji kwenye miembe mikubwa, na uani kwa Bibi vinu viwili vilikuwa vimeshaanza kulia.

Watu walitarajiwa 200, mchele ukapimwa kilo 30. Wali hauna siri. Kazi ilikuwa sombe, yaani kisamvu. Yanachumwa majani machanga ya juu tu, yanatwangwa mabichi hadi yalainike, kisha yanachemshwa sufuria ikiwa wazi, saa nzima au zaidi. Ukifunika unaifungia ndani sumu ya muhogo ambayo ingetoka na mvuke. Mawese yanaingia majani yakiwa yameiva, chumvi mwisho kabisa. Dada mkubwa alitaka kuweka mawese mapema ili moto usipotee bure. Shangazi akamshika mkono bila kusema neno, kama marehemu alivyokuwa akifanya.

Mawese nayo yalipimwa. Kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto: yakirukaruka na kupasuka, yana maji, hayakuchemshwa hadi mwisho. Yakinuka uchachu, chikichi zilikaa mno baada ya kukatwa. Bibi alitaka zichemshwe ndani ya siku tatu, na zilizopondeka zianze. Dumu la kwanza tulilirudisha sokoni.

Asubuhi juzuu 30 ziligawiwa, kila msomaji moja, hitima ikaisha kabla ya adhuhuri. Masinia yakatoka, watu sita kila moja. Jioni wazee walikaa kikao cha ukoo: madeni kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Muhtasari uliandikwa na kusainiwa palepale, cheti cha kifo kikaambatanishwa, kwa kuwa mahakama ya mwanzo itavitaka vyote viwili.

Usiku uani kulikuwa na mwanga wa kuokotea sindano. Ziwani hakukuwaka taa hata moja.

Tulirudi na lita 20 za mawese, na sado yake ya bati, ile iliyobonyea ubavuni, aliyowajazia wateja wake hadi ikafanya kichuguu.