Kilomita Tisa za Kitindamimba

Jumamosi ndiyo siku yangu ya kukimbia mbali. Katikati ya wiki naridhika na nusu saa au dakika arobaini alfajiri kabla ya kufungua duka, lakini Jumamosi haiguswi, na nyumbani wote wanajua. Mwaka huu siku ya kuzaliwa ya kitindamimba wangu imeangukia Jumamosi, wiki tatu kabla ya nusu marathoni ya Tulia hapa Mbeya, na ratiba ya siku hiyo ilisema kilomita 18. Aliyewahi kujiandaa na kilomita 21 anaijua wiki hiyo. Ndiyo mbio ndefu ya mwisho. Baada ya hapo unaanza kupunguza, ili miguu ifike siku ya mashindano ikiwa bado na hamu.

Njia iliyozoeleka ni kuamka saa kumi usiku, kukimbia gizani na kurudi kabla wageni hawajafika. Nimeshafanya hivyo kwenye vipaimara na harusi za watu, na sina ubaya nayo. Ila mtu aliyetoka kukimbia kilomita 18 akifika kwenye shughuli anatafuta kiti, na mwenye siku yake alishasema anataka nini. Hakutaka kwenda kula chipsi mjini wala maputo ukutani. Alitaka "bethidei ya kukimbia, na wewe mama ukimbie, usikae na wageni." Anatimiza miaka tisa. Sijui ataniomba nikimbie naye mpaka lini, na kila nikifikiria hilo naona Jumamosi moja ni kitu kidogo sana.

Kwa hiyo nikahamisha. Wifi yangu akanikalia dukani Alhamisi asubuhi, nami nikatoka Isyesye kungali na ukungu, nikaingia barabara kuu kuelekea Uyole. Mvua za mwishomwisho zilikuwa zimenyesha usiku kucha. Mlima Loleza haukuonekana kabisa, na malori ya Tunduma yalikuwa yanapita na taa zikiwaka kana kwamba ni usiku, kwa hiyo nilikaa nje kabisa ya lami, upande yanakotokea, niyaone. Njia panda ya Uyole nikashika ya Tukuyu hadi Igawilo. Huko ndiko ninakopenda. Akina mama wanaochoma mahindi walikuwa wanapuliza mkaa wao wa kwanza, na mmoja ambaye hunisalimia kila akiniona akapaza sauti, "Mama, leo si siku yako!" Nikamjibu kwamba Jumamosi nina mtoto wa kumkimbilia. Akacheka, akasema nikirudi nipitie hindi la mtoto. Nililipitia, nikakimbia nalo mkononi likiwa la moto hadi nyumbani.

Kuna wakimbiaji wenzangu wanaoona kuhamisha mbio ndefu ni kuvuruga mazoezi. Mimi naona mwili hausomi kalenda. Unachokijua ni kazi uliyoupa na mapumziko yaliyofuata. Misuli hujijenga mtu akiwa amepumzika, kwa hiyo ukihamisha mbio ndefu, kitu cha kulinda ni siku ya pili yake: Ijumaa sikukimbia hata hatua moja. Nilikula wali wa Kyela na maharage mchana, nikala tena jioni, nikalala mapema. Jumamosi miguu ilikuwa mizito kidogo kwenye mapaja, basi.

Mchezo wenyewe aliubuni baba watoto. Miaka tisa, kilomita tisa, watu tisa, kila mtu na kilomita yake, kwa kupokezana kijiti. Kijiti kikawa mwiko wa kusongea ugali, ule mkubwa, ambao kitindamimba aliufunga utepe mwekundu kwenye mpini. Mzunguko tuliupima kwa simu: kutoka getini kwetu, kushuka hadi kwenye mparachichi wa jirani, kupinda kwenye karo la maji, kupanda njia ya udongo na kurudi getini. Ulipungukiwa kidogo na kilomita, tukaongezea kwa kuuzunguka mparachichi mara mbili, na watoto wakaona hicho ndicho kipande kitamu kuliko vyote.

Kaka yangu alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam usiku wa Ijumaa na basi. Huko anakimbia ufukweni vizuri tu, na alianza kilomita yake kwa kasi ya huko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku haina haraka ya kumzoea mgeni. Kufika kwenye karo alikuwa amesimama, mikono magotini, mwiko kauweka chini. Watoto wote wakamkimbilia na kumzunguka wakiimba jina lake mpaka akainuka. Walimsindikiza mpaka getini, na wakati wa kupokea mwiko ilibidi wifi autafute kati ya mikono mingi.

Kilomita ya babu ndiyo iliyochukua muda mrefu, na ndiyo ninayotaka kuikumbuka. Goti lake la kulia halikunjiki vizuri siku hizi, kwa hiyo alisema atatembea, na asiyetaka kumsubiri aende akale keki. Hakuna aliyeenda. Watoto wakamfuata nyuma kama kundi, na yeye akawa anawasimulia John Stephen Akhwari, jinsi alivyokimbia marathoni ya Olimpiki mwaka 1968 kule Mexico City. Mji ule uko mita 2,240 juu, akawaambia, juu kuliko hapa tulipo, ndiyo maana hata mjomba wenu kaishiwa pumzi. Akawaambia Akhwari alianguka njiani, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshashinda, zaidi ya saa moja ikapita, watu wengi wakaondoka uwanjani, na Mtanzania akaingia akichechemea mpaka akavuka mstari, wa mwisho kati ya waliomaliza. Mtoto wa jirani akauliza, "Babu, alipewa medali?" Babu akasema hapana, hakupewa. Wakatembea kimya kidogo. Halafu kitindamimba akamshika babu mkono ule usio na mwiko, na wenzake wakajipanga pembeni, wakawa wanachechemea wote kwa mwendo wa babu mpaka getini. Hawakuwa wanamkejeli. Walitaka kujua mtu hufikaje akiwa hivyo.

Kilomita ya nane ilikuwa yangu na ya tisa ya mwenye sherehe. Niliikimbia kwa raha, wala sikuangalia saa. Nilipopinda kwenye karo nilimwona juu kule getini amekaa tayari, mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia umenyooshwa nyuma na kiganja kimefunguka, kama nilivyomwonyesha siku ile tulipokuwa tunajaribu na kijiko. Vidole vilikuwa vinacheza kwa shauku. Nikamwekea mwiko kiganjani, akaufunga, akaondoka bila kugeuka. Nilikuwa na hamu ya kumfuata. Nikabaki pale getini nikihema, nikamtazama anashuka, utepe mwekundu unapepea, soksi moja imeteremka.

Alipokaribia kumaliza, bibi yake na mama mdogo walikuwa wamenyoosha kanga getini kama utepe wa kumalizia. Nilidhani mchezo umeishia hapo. Kumbe ndipo ulipoanza, kwa sababu kaka alikuwa amewaonyesha watoto kwenye simu namna Alphonce Simbu alivyoshinda marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile. Kilomita 42 nzima, halafu Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wakaingia uwanjani, wakafika mstarini pamoja, wote wawili wakaandikiwa saa 2:09:48, na picha ndiyo ikaamua: Simbu mbele kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Watoto hawakujali kilomita 42. Walichokipenda ni ule mwisho, vifua viwili vikiwa mbele kugombea mstari. Mchana wote uliobaki ukawa wa hilo. Wawili wawili wanatoka kwenye mparachichi, wanafika kwenye kanga wametanguliza vifua, wengine wanaanguka kwenye tope, kaka anapiga picha, kisha wote wanasongamana juu ya simu kuamua nani Simbu. Yule aliyeshindwa alikuwa anadai picha irudiwe. Bibi alitoa kanga ya pili baada ya ya kwanza kuloa tope, hakusema neno.

Nikakaa nikaangalia namna wanavyokimbia. Wanatoka kwa nguvu zote, wanasimama kucheka, wanarudi wakitembea, wanatoka tena kwa nguvu zote. Mwalimu yeyote wa riadha angewaandikia hivyohivyo kwenye karatasi: kasi, tembea urudi, kasi. Wao hakuna aliyewaandikia. Mimi mwenyewe kukimbia nilikuanza kwenye mchakamchaka wa shule ya msingi, alfajiri, tukiimba kwa kupokezana, na nilikupenda kwa sababu ya nyimbo na wenzangu kabla sijajua kuna kitu kinaitwa muda wa kilomita. Natamani wangu nao waanzie hapo. Ratiba yangu naiheshimu, imenitoa mbali, imenipa usingizi na imenishusha presha ambayo daktari alikuwa ameanza kuizungumzia. Lakini ratiba isiyo na siku ambayo mtoto anaweza kuingia ndani yake akacheza, mimi siitaki tena.

Chakula hakina maneno mengi. Bibi alikuja na mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, zikapikwa na nyama. Kachumbari, parachichi, chai ya maziwa. Keki wifi aliioka kwenye sufuria lililowekwa mchanga chini, mkaa mdogo kwenye jiko na mwingine juu ya mfuniko. Juu ilikuwa imekoza rangi upande mmoja kuliko mwingine, na ilinukia iliki nyumba nzima.

Kisha maji. Hapa kwetu mtu hatimizi miaka bila kumwagiwa, na kitindamimba alijua, ndiyo maana baada ya kukata keki alianza kusogea taratibu kuelekea mlangoni. Lakini Mbeya saa kumi na moja jioni, mvua imetoka kunyesha, si mahali pa kumwagia mtoto maji ya bomba. Bibi alikuwa ameshalifikiria hilo tangu mchana. Sufuria kubwa lilikuwa jikoni kwenye mkaa, na kabla ya kuruhusu ndoo yoyote itoke, alikuwa anatumbukiza kiwiko, anaongeza maji ya baridi, anatumbukiza tena. "Sasa mwagieni," akasema. Mtoto alikimbia mzunguko mzima wa nyumba na ndoo nne nyuma yake. Walimpata kwenye karo. Alipomwagiwa akapiga kelele ya kwanza ya kuogopa, halafu akanyamaza, akafumbua macho na kusema, "Ya moto!" Akaomba nyingine. Baada ya hapo hakuna aliyebaki mkavu isipokuwa babu, na bibi, aliyekuwa anapokea "ndaga fijo, bibi", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kutoka kwa kila mtoto aliyeloa.

Jumapili nilikimbia polepole dakika thelathini tu, kulegeza misuli. Wiki ijayo kuna kipande cha kupanda barabara ya Chunya kuelekea msitu wa Kawetere, na wifi, ambaye kabla ya Jumamosi hakuwa amekimbia tangu shule, ameniuliza raba za bei nafuu zinapatikana wapi Mwanjelwa. Kaka naye amerudi Dar akisema mwakani atakuja siku tatu mapema azoee hewa. Mwakani ni kilomita kumi, tunahitaji mtu mmoja zaidi, na kitindamimba ameshampa nafasi hiyo mama wa mahindi wa Igawilo. Nikipita huko Jumamosi nimwambie.