Mwaka wa tatu wa kulipa

Mtu akianza kulipa madeni yake kwa mpango, mwaka wa kwanza anasukumwa na woga. Simu bado zinapigwa, meseji za vitisho bado zinaingia, usiku usingizi hauji, kwa hivo unalipa tu hata hujiulizi. Mwaka wa mwisho nao unasukumwa na raha ya kuona unamaliza. Ule wa katikati ndio haukusukumi na chochote. Simu zishanyamaza, mwisho hauonekani, kila tarehe 28 pesa inatoka inaenda zake na wewe unabaki na mshahara wa mtu aliyefanya kazi nusu mwezi. Mimi nlichokea hapo katikati, na hii ni habari ya siku moja ya Januari 2023 hapa Mombasa ambayo ndiyo iliyonivusha.

Deni lenyewe lilivyokuja ntalipitia haraka maana wengi wetu tulipita hapo hapo. Niko kwenye usafi wa vyumba, hoteli moja ya upande wa Nyali. Mwaka 2019 nkachukua mkopo wa 270,000 kwa sacco yetu ya wafanyakazi nimalizie vyumba viwili vya kupangisha Mtopanga. Akiba yangu ilikuwa 90,000, na sacco ilikuwa inakupa mara tatu ya akiba yako, sasa zile 180,000 zinazozidi lazima zisimamiwe na watu. Nkapata wadhamini watatu, kila mmoja kwa 60,000: dada wa laundri, kijana mmoja wa mapokezi ambaye baadaye alienda Qatar, na mzee wa bustani. Machi 2020 korona ikaingia, ndege za nje zikasimamishwa, hoteli ikafunga, tukaambiwa tukae nyumbani bila mshahara. Aprili Mombasa yote ikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka mpaka Julai. Wapangaji wangu nao wakawa hawana, ntawadai nini na mimi mwenyewe sina?

Hapo ndipo madeni madogo yalipoingia. Mkopo wa simu wa benki, Fuliza ile ya kukopa kwenye M-Pesa, deni la dukani kwa mzee wa duka pale mtaani, pesa ya chama. Na katika yote hayo Fuliza ndiyo iliyonitesa kuliko lile kubwa la sacco, kwa sababu Fuliza haingoji wewe uamue, pesa ikiingia tu kwa M-Pesa inajikata yenyewe. Kuna siku kakangu alinitumia alfu moja ya dawa ya mtoto, nimesimama dirishani kwa famasi na karatasi ya daktari mkononi, meseji ya pesa kuingia ikafuatana na meseji ya pesa kukatwa, kilichobaki hakinunui hata chupa moja ya ile dawa. Yule wa famasi akanipa dawa akaniambia lete kesho. Mungu amlipe popote alipo.

Tuliporudishwa kazini mwisho wa 2020 nlienda mwenyewe kwa mama wa mikopo pale sacco. Deni lilikuwa lishafika 230,000 na riba zake. Sikumkuta mkali. Alinipa karatasi akaniambia andika kila mtu unayemdai, nkamwambia mimi sidai mtu mama, nadaiwa, akacheka akasema basi andika kila anayekudai, hata wa dukani. Tukapanga pamoja. Sacco 6,000 kila mwezi kuanzia Januari 2021. Fuliza imalizwe kwanza kwa sababu inameza kila kinachoingia, kisha mzee wa duka maana ndiye anayetulisha, kisha chama. Ile ya benki ikae mwisho, jina langu lilikuwa lishapelekwa CRB, kule wanakoandikwa wasiolipa mikopo, na haliwezi kupelekwa mara mbili kwa deni lile lile, ndivyo alivyonambia.

Nkalipa. Miaka miwili. Fuliza ikaisha, duka likaisha, chama kikaisha, nguo mpya hakuna, Idi tunashonea watoto tu. Nlikuwa nimejikaza kisabuni lakini Desemba ya 2022 moyo ukaanza kulegea. Na la ajabu, ulilegea wakati mambo yamekuwa mazuri. Novemba ile Benki Kuu ilikuwa imetoa mpango kwamba mabenki yapunguze angalau nusu ya ile mikopo ya simu iliyokwama, mtu alipe iliyobaki kufikia tarehe 31 Mei 2023 na CRB asomeke kama mtu anayelipa. Deni langu la benki likashuka kutoka 14,000 hadi 7,000. Hoteli nayo ikajaa Krismasi mpaka mwaka mpya, ovataimu, sevisi chaji, bakshishi za wageni, nkajikuta nina 38,000 mkononi. Tangu 2020 sikuwa nimeshika pesa kama ile.

Hapo kila mtu ana wazo. Mtoto wangu alikuwa katika lile kundi la kwanza kabisa la Gredi ya 7, junia sekondari, wanaripoti mwisho wa Januari, yunifomu mpya na sisi wazazi kila siku tunaambiwa jambo tofauti. Nyumba inavuja. Shoga yangu mmoja jirani akanambia, "Kwani hiyo sacco itakufa ukipumzika miezi mitatu? Umelipa mpaka umekonda." Na kweli sheria za sacco zinaruhusu, unaandika barua unaeleza shida yako, kamati inakaa. Nkaandika barua. Niliiona ni haki yangu, na mpaka leo naona ilikuwa haki yangu, mtu aliyechoka apumzike.

Basi siku yangu ya ofu nkapanda matatu mapema na barua yangu mkobani, nkashuka Mwembe Tayari, nkapanda ngazi mpaka ofisi ya sacco. Kwenye benchi la nje nkamkuta mzee wa bustani. Sikuwa nimemuona tangu hoteli ifungwe, maana tuliporudishwa sisi, wale wa umri wake hawakuitwa. Amekonda lakini kanzu safi, kofia yake ile ile, na bahasha ya kaki ameishika kwa mikono miwili juu ya magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto?"

Tukaulizana hali. Akanieleza ana kitalu cha miche kule Likoni kando ya barabara, miembe ya kupandikiza, mindimu, maua, inakwenda vizuri ila maji anabeba kwa ndoo, anataka tangi na pampu ndogo. Ananieleza kwa furaha kabisa, aina za miembe, mbolea, mpaka nkasahau nlichokuja kufanya. Kisha akaitwa yeye kwanza. Mlango haukufungika vizuri, nkasikia sauti ya mama wa mikopo, upole lakini maneno yale yale ya ofisini: mzee, nlikueleza tangu mwezi wa kumi, barua yako ya kujitoa tunayo, lakini akiba yako bado imeshikwa, kuna mkopo ulioudhamini haujaisha. Na yeye akajibu, "Haina neno mama. Nlikuwa napita tu, nkasema niulize."

Napita tu. Mtu ametoka Likoni, amevuka na feri, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne, anasema anapita tu.

Akatoka akanambia, "Haya mwanangu, zamu yako." Wala hakunitazama vibaya, wala hakusema neno. Nkamuuliza pale pale, "Mzee, huo mkopo ni wangu?" Akanyamaza kidogo akasema, "Hukufunga hoteli wewe. Lipa polepole, miche nayo haiharakishwi." Akashuka ngazi.

Nliingia ndani na ile barua sikuitoa. Nkamwambia mama wa mikopo nataka kuona mahali nlipofika, yote, tangu mwanzo. Akanitolea stetimenti, karatasi ndefu ya safu nyingi, na hapo ndipo akanionyesha jambo ambalo kwa miaka miwili sikuwa nimeliona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye safu ya malipo tu, 6,000, 6,000, 6,000, na ukiangalia safu hiyo utaona kama umesimama pale pale. Alichukua kalamu akaishusha polepole kwenye safu ya riba. Sacco yetu riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio lililobaki. Januari 2021 salio likiwa 230,000, riba ilikuwa 2,300, yaani katika ile 6,000 yangu ni 3,700 tu iliyopunguza deni. Kalamu ikashuka, 2,000, 1,700, 1,500. Mstari wa mwisho salio 130,000, riba 1,300. Pesa ile ile 6,000, sasa 4,700 yote inaingia kwenye deni. "Wewe unaona unalipa sawa kila mwezi," akanambia, "lakini mwezi huu umelipa zaidi kuliko ulivyolipa mwaka juzi. Na mwezi ujao utalipa zaidi kuliko huu." Nkamwomba ile kalamu nkaishusha tena mwenyewe. Wallahi sijui nieleze vipi, ilikuwa ni kama mtu amenifungulia dirisha, kwa sababu uchovu wangu wote ulikuwa ni kuamini kwamba nalipa na hakuna kinachosogea.

Nkamuuliza, na mzee je, atafunguliwa lini? Akapiga kalkuleta. Mdhamini anasimamia ile sehemu ambayo akiba ya mkopaji haiifikii. Deni 130,000, akiba yangu 90,000, kilichobaki kusimamiwa ni 40,000. Hiyo ikiisha wote watatu wako huru hata kama deni bado lipo, kwa sababu hapo najisimamia mwenyewe. Kumbe kulikuwa na mwisho mwingine wa karibu kabla ya ule mwisho wa mbali! Nkahesabu nlichonacho. 7,000 za benki lazima ziende, punguzo kama lile halirudi. 7,000 nimuachie mtoto na yunifomu yake. 24,000 zinabaki. Nkamwambia zote ziingie kwenye deni leo. Deni likawa 106,000, cha kusimamiwa 16,000.

Hiyo 16,000 ilikuwa bado inamfunga mzee. Nkauliza kama mdhamini anaweza kubadilishwa, akasema ndiyo, mwanachama mwingine mwenye akiba huru akikubali kubeba sehemu yake, wanajaza fomu, kamati ya mikopo inapitisha. Nkampigia dada wa laundri, alikuwa zamu, nasikia mashine zinanguruma nyuma. Sikumaliza hata kueleza. "Nipe mimi hiyo ya mzee," akasema, "mzee yule alikuwa ananiwekea mchaichai kila wiki. Ntapita baada ya zamu nisaini."

Nkashuka ngazi mbio nkaomba Mungu asiwe ashapanda gari ya feri. Nlimkuta kwa muuza kahawa, kikombe mkononi na kashata, anazungumza na watu. Nkamwambia mzee unaitwa juu. Akanifuata ngazi moja moja bila kuuliza. Alipoelezwa aliuliza jambo moja tu: "Na huyu mtoto hatakosa pesa ya shule?" Nkamwambia hatakosa. Ndipo akasaini, taratibu, herufi kwa herufi.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata ikapitisha. Notisi ya kutoa akiba pale kwetu ni siku 60, kwa hivo pesa yake aliipata katikati ya Machi, siku chache kabla ya Ramadhani, tangi akanunua.

Mimi nkabadilisha namna ya kuhesabu. Ile karatasi ya mama wa mikopo nkaibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila mwezi siandiki nimelipa ngapi, naandika riba imefika ngapi na nani bado amefungwa. 1,060. 1,011. Inashuka unaiona. Wiki ile ya baada ya Idi, mwisho wa Aprili, deni likashuka chini ya akiba yangu, dada wa laundri na yule kijana wa Qatar wakawa huru, nkamtumia wasap ya sauti, akanijibu kwamba hata hakuwa anajua kama bado amefungwa lakini amefurahi kusikia. Kutoka hapo kulipa hakukuwa rahisi, bado ni pesa inatoka, kuna miezi ya masika hoteli tupu ambayo nliuza mpaka mkufu. Lakini ule uchovu wa kuona nasukuma ukuta haukunirudia. Septemba 2024 nkalipa ya mwisho, nkapewa barua ya kumaliza mkopo, na kabla sijatoka ofisini dada wa laundri akanipigia anaomba nimdhamini mkopo wa karo. Nkamwambia mama wa mikopo aniletee fomu.