"Hardly" haina bidii ndani yake

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba akichukua kivumishi na kukipachika "-ly" amepata kielezi: "quick" inazaa "quickly", "slow" inazaa "slowly". Kanuni hiyo inafaa sana mpaka inapokutana na "hard". Mtu anaandika barua ya kuomba kazi, anataka kueleza kwamba amechapa kazi kwa bidii miaka 5, anaandika: "I have hardly worked for five years." Anayeipokea anaelewa kwamba kwa miaka 5 mwombaji huyu hajafanya kazi ya maana. Alipaswa kuandika "I have worked hard". "Hard" ni kivumishi na ni kielezi vilevile. Haihitaji mkia wowote, na hukaa nyuma ya kitenzi: "work hard", "try hard", "think hard".

"Hardly" nayo zamani ilitembea pamoja na "hard". Katika Kiingereza cha Kale ilikuwa "heardlice", kwa ukali au kwa ujasiri. Baadaye ikaegemea upande wa taabu, na jambo linalofanyika kwa taabu liko hatua moja tu kabla ya kutofanyika. Huko ndiko neno lilikotua. Leo "hardly" ni kikanushi, ndugu wa "not", na ukilichukua hivyo sarufi yake yote inanyooka.

Kwa kuwa tayari linakanusha, halitaki kikanushi kingine pembeni. Sema "hardly any", "hardly anyone", "hardly ever". Usiseme "hardly no", "hardly nobody", "hardly never". "I can't hardly hear you" utaisikia katika mazungumzo, hasa Marekani, lakini katika maandishi rasmi huhesabiwa kosa: andika "I can hardly hear you". Mahali pake ni kabla ya kitenzi kikuu, na baada ya kitenzi kisaidizi kama kipo, au baada ya "is" na "was". Mtu akisema "I hardly eat meat", nawe ni hivyohivyo, jibu ni "Neither do I", si "So do I".

Mkia wa swali ndio unaowatega hata wazoefu. "You hardly know him, do you?" Mkia ni "do you" kwa sababu sentensi imeshakanusha. Mswahili akiulizwa "Humfahamu vizuri, siyo?" hujibu "Ndiyo, simfahamu", yaani anakubaliana na kauli. Akiihamisha "ndiyo" hiyo kwenye Kiingereza na kujibu "Yes", mwenzake anaelewa kinyume: anamfahamu. Kwa Kiingereza ni "No, I don't". Usiangalie kauli ya mwulizaji, angalia kitenzi cha jibu lako: kikiwa na "not", anza na "No".

Sasa tafsiri. "Kwa shida" ndiyo inayokuja haraka kichwani, na inafaa pale tu panapohusika uwezo: "She can hardly walk", anatembea kwa shida. Kwingineko inaharibu. "I hardly know him" si "ninamjua kwa shida". Ni "simfahamu kihivyo". "He hardly ever calls" ni "ni nadra apige simu". "There was hardly anyone there", watu walikuwa wa kuhesabu. "It's hardly surprising", si ajabu. Tazama namna Kiswahili kinavyokimbilia kitenzi cha kukanusha au neno la uchache. Anayetafsiri aanze huko, "kwa shida" aiweke akiba.

Visawe vinavyotajwa pamoja nalo ni "barely" na "scarcely". "Scarcely" ina asili ya Kifaransa cha Wanormani, na mpaka leo inanukia maandishi: riwaya, hotuba, makala ya kisomi. Ukiitumia dukani utaeleweka, ila utasikika kama unasoma kitabu. Zaidi ya hapo inafanya karibu kazi ileile ya "hardly".

"Barely" ndiyo ya kutazamwa kwa makini. Imetoka kwenye "bare", tupu, kitu kisicho na ziada. Kwa hiyo huegemea upande wa kutimia: jambo limefanyika, ila halikubakiza kitu. Linganisha hizi mbili:

"There is barely enough water."
"There is hardly enough water."

Ya kwanza inasema maji yanatosha, lakini ukimwaga kikombe kimoja umeharibu. Ya pili inakuandaa kusikia kwamba hayatoshi. Vivyo hivyo "He barely passed" ni mtu aliyefaulu kwa kuchungulia; "He hardly passed" inasikika vibaya, kwa sababu kufaulu ama umefaulu ama hukufaulu. Kwenye idadi pia "barely" ndiyo inayokaa vizuri: "barely 20 people", watu 20 na hapo umejitahidi kuhesabu. Jirani yake wa karibu ni "only just": "We only just caught the train", tuliiwahi treni ikianza kuondoka.

Yote matatu yanaweza kusogezwa mwanzoni mwa sentensi, na hapo kitenzi kisaidizi huruka mbele ya kiima: "Hardly had we sat down when the lights went out." Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kuandika "Hardly we had sat down", bila kupindua. La pili ni kuweka "than" badala ya "when". "Than" ni ya "No sooner", kwa kuwa "sooner" ni neno la kulinganisha. Wapo wanaosema "hardly... than", lakini kwenye mtihani shika "when". Kiswahili kina mofimu (kipande cha neno chenye maana) ya "-ja-" kwa kazi hii, nayo inaifanya vizuri kuliko "mara tu": "Hata hatujakaa sawasawa, taa zikazimika."

Kuna matumizi ya mwisho ambayo mara nyingi hayafiki darasani: "hardly" ya kupinga kwa adabu. "That's hardly fair" haina ukaribu wowote na haki. Msemaji anasema hiyo si haki hata kidogo, amelainisha sauti tu. "This is hardly the time" ni kukuambia unyamaze kwanza. Na ukiuliza "Did he apologise?" ukajibiwa "Hardly!", usiendelee kusubiri maelezo. Umeshaambiwa: "Wapi!"