Nilivyopiga kura kwa kipimo cha Yethro

Kampeni zikianza, kila mgombea huwa mcha Mungu. Huja ibadani, huketi safu ya mbele, hupewa kipaza sauti, husoma mstari mmoja na kuombewa. Mimi ni Mkristo na imani yangu siiachi mlangoni mwa kituo cha kura, ila nilitaka kipimo kizito kuliko mstari wa jukwaani.

Nilikipata katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa amelemewa na mashauri ya watu tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro anamwambia atafute watu hodari, wenye kumcha Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Uhodari umetajwa kwanza! Makanisani tunauruka, tunaridhika kwamba fulani ni ndugu katika Bwana, hata kama hajui bajeti inavyopangwa.

Nikaandika majina ya wagombea daftarini, na chini ya kila jina sifa hizo. Uhodari: amewahi kusimamia nini, na kiliishia wapi? Ukweli: alichoahidi zamani amekitenda? Hapo nilisoma ilani zenyewe badala ya kusikiliza wapiga debe. Kumcha Mungu ndiko kulikonisumbua zaidi, maana moyo wa mtu siuoni. Nikatazama anavyowatendea wasio na cha kumlipa: mjane, yatima na mgeni, ambao Torati na manabii hawachoki kuwatetea. Kumbukumbu la Torati 17 inamtaka mfalme asijilimbikizie fedha na dhahabu, wala moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mgombea aliyejenga kampeni yake kwa kuwatukana watu wa dini nyingine nilimfuta, ingawa alikuwa wa kwetu.

Kisha zikaja bahasha. Wapo waumini waliosema, pokea, halafu mpigie umtakaye. Sikupokea. Kutoka 23:8 inasema rushwa huwapofusha waonao, na mpiga kura naye ana macho ya kupofushwa. Tena fedha hiyo lazima irudi kwa aliyeitoa, na itarudi kupitia dawa zisizofika hospitalini.

Hakuna aliyetimiza yote manne. Kukaa nyumbani nako sikukuona kuwa utakatifu: Yeremia 29 inawataka hata mateka wa Babeli wautafutie mji amani. Nikampigia yule ambaye upungufu wake haungewaumiza wanyonge sana.

Jambo lililonisaidia kuishi na wenzangu lilitoka kwa John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Tarehe 6 Oktoba 1774 aliwashauri Wamethodisti wenye kura wampigie wanayemwona anastahili bila malipo, wasimseme vibaya waliyemkataa, na roho zao zisiwe chungu dhidi ya waliopiga upande mwingine. Hilo la tatu ni gumu kuliko kufunga na kuomba. Katika kikundi chetu cha maombi tulikubaliana kwamba hakuna atakayemwombea mgombea ushindi kwa sauti. Tungeomba amani na uchaguzi wa haki. Dada mmoja alipima kwa mistari ileile akamchagua mpinzani wa niliyemchagua mimi, kwa sababu aliuweka ukweli mbele ya uhodari. Tulijadiliana kwa kirefu na hatukukubaliana.

Aliyeshinda si wangu wala wake. Sasa tunamwombea kwa jina, kama 1 Timotheo 2 inavyoagiza kuhusu wenye mamlaka, na tumeanza kuhudhuria mikutano yake ya hadhara pamoja, tukiuliza kuhusu ahadi alizotoa.