Leseni ya Bure na Nyumba ya Bibi

Mwaka wangu wa kwanza wa kusomea usanifu majengo niliinunua AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za majengo, kwa shilingi 300. Kijana wa saiba huku Mwembe Tayari, Mombasa, alinitilia kwenye flashi, akanishauri nizime antivairasi kabla ya kuiweka. Nikazima. Darasa letu karibu lote lilipitia kwa kijana yule yule. Hatukuona ni wizi wala hatukuona ni hatari. Tuliona ndivyo mwanafunzi anavyoipata programu.

Zikiwa zimebaki siku sita tuwasilishe kazi ya muhula, mafaili yangu yakaanza kujibadilisha majina. Kila ramani niliyoigusa ikagoma kufunguka. Miezi miwili ya kazi ilikuwa mle ndani. Nilikaa kwenye baraza ya bibi pale Kuze, Mji wa Kale, nikalia, na bibi, ambaye kompyuta anaiona tu mapajani mwangu, akaniuliza: "Mwanangu, kwani wenyewe waliokiunda ulikwenda kuwaomba, wakakunyima?"

Sikuwa nimewaomba. Usiku ule nikatafuta, nikakuta kwamba Autodesk, wenye AutoCAD na Revit (hii huijenga nyumba nzima ndani ya kompyuta), huwapa wanafunzi na walimu programu hizo bila malipo. Wala si ile ya kujaribu kwa siku 30 kisha ikufungie mlango. Ni ile ile anayofanyia kazi msanifu wa ofisini. Leseni ni ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha unaomba tena maadamu bado unasoma. Shilingi 300 zangu nilimpa kijana wa saiba kwa kitu ambacho mwenyewe alikuwa tayari kunipa bure, kikiwa safi.

Naandika haya kwa sababu muhula mpya umeanza, na nimeshawaona wa mwaka wa kwanza wakipitishana flashi. Tafadhalini, msizichomeke.

Kinachowavunja wengi moyo ni karatasi ya kuwathibitishia Autodesk kwamba unasoma. Mimi nilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza nilipeleka picha ya kitambulisho cha chuo, nacho hakina tarehe ya mwaka wa masomo. Mara ya pili tarehe ilikuwapo, lakini nilikuwa nimejiandikisha kwa majina mawili, ilhali chuoni ninayo matatu. Wanataka kuona mambo matatu: jina lako kamili kama ulivyoliandika kwenye fomu, jina la chuo, na tarehe inayoonyesha kwamba unasoma sasa hivi. Risiti ya karo ya muhula huu ilikuwa nayo yote. Niliipiga picha mchana, nje, karatasi imenyooka na pembe zote nne zinaonekana. Wakanikubali. Basi ukikataliwa usirudi saiba. Soma sababu waliyokuandikia, urekebishe, upeleke tena.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenitahadharisha: faili ya Revit iliyohifadhiwa kwa toleo jipya haifunguki kwenye toleo la zamani. Wenzangu wawili walifanya kazi wiki nzima kila mtu na toleo lake, mmoja akalazimika kuanza upya. Mnapoomba mnaweza kuchagua mwaka wa toleo, kwa hiyo kubalianeni kwanza kikundi kizima. Na msipakue kwa bando la simu, ni gigabaiti nyingi. Mimi nilikwenda kulala kwa shangazi Bamburi, ana intaneti ya waya, nikaiacha ikishuka hadi alfajiri.

Ndugu yangu anasomea kompyuta, naye kwao mambo ni mepesi zaidi. GitHub, mtandao wa kuhifadhia kazi za waandishi wa programu, wana kifurushi cha wanafunzi tangu 2014, JetBrains, watengenezaji wa zana za kuandikia programu, huwapa wanafunzi leseni ya mwaka bila malipo, na Microsoft huwapa dola 100 za kutumia kwenye Azure, kompyuta zao za kukodi mtandaoni, bila kuwadai kadi ya benki. Hilo la kadi ni kubwa kwetu. Wengi wetu tuna M-Pesa tu.

Sasa sharti lenyewe, maana lipo. Leseni hii ya Autodesk ni ya kujifunzia, si ya kazi ya kulipwa. Mjomba amepata kiwanja Mtwapa, akaniita: "Nichoree ramani mwanangu, nitakupa elfu kumi na tano." Pesa nilizihitaji, ilikuwa mwezi wa karo. Lakini nilishaweka neno langu kwenye yale masharti. Nikamweleza kwamba ramani ya kupitishwa na kaunti yataka msanifu aliyesajiliwa, nami bado. Nikamchorea mchoro wa mawazo tu, vyumba vikae vipi na upepo uingie wapi, kwa LibreCAD, ambayo ni huru kwa kila mtu hata kwa kazi ya pesa. Huo ndio aliompelekea msanifu. Mjomba alinipa elfu tatu na dua, nikazipokea zote mbili kwa furaha.

Kwa Revit nilifanya kitu nilichokitamani tangu utoto: kuichora nyumba ya bibi. Nilipima kwa futi ya chuma, ndugu yangu akishika upande wa pili, Jumamosi tatu mfululizo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, sentimita 50 na zaidi, na hakuna hata moja iliyonyooka. Ukuta wa ukumbi unatofautiana sentimita 11 kati ya ncha na ncha. Nilipoingiza boriti za dari moja moja ndipo nikaelewa kwa nini vyumba vya Mji wa Kale ni virefu na vyembamba. Boriti ni mti wa mkoko, na mkoko haukupi urefu wa kubeba dari pana. Upana wa chumba uliamuliwa kule mikokoni kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza. Nimelala chini ya boriti zile utoto wangu wote, na sikuwahi kuzihesabu hadi nilipotakiwa kuandika umbali kati ya moja na nyingine.

Hilo ndilo linaloniuma ninapomwona mwanafunzi ameridhika na kopi mbovu inayozima kila nusu saa. Hafiki mahali pa kuona.

Juzi nilimwonyesha bibi. Nikaizungusha nyumba polepole, nikamwingiza kwa mlango wa nakshi, tukapita daka, tukafika ukumbini. Akanishika mkono. "Hapo pana upungufu. Ukuta huo ulikuwa na kidaka, mama alikuwa akiweka taa. Babu yako alikiziba alipopaka lipu."

Nikaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Mahali hapo palilia tofauti. Tukapima kwa kukisia, yeye akinionyesha kwa viganja vyake upana na kimo, nami nikakitoboa kidaka kwenye ramani akiangalia.

Ghorofa ya juu bado. Leseni yangu yaisha mwezi ujao, na risiti ya karo nimeshaipiga picha.