Supanova Refsdal, nyota iliyolipuka mara moja ikaonekana mara kibao

Kwangu mimi hakuna kitu kitamu kwenye elimu ya anga kama Supanova Refsdal. Mwezi wa 11 mwaka 2014 mtaalamu wa anga Patrick Kelly alikuwa anapitia picha za darubini ya Hubble akaona vidoa vinne vya mwanga vimeizunguka galaksi moja (galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota), na vyote vinne ni mlipuko ule ule mmoja, sababu katikati yetu na hiyo nyota kuna kundi kubwa la magalaksi linaitwa MACS J1149 na uzito wake unapinda mwanga unaopita pale, kwahiyo mwanga unatufikia kwa njia tofauti tofauti. Chukulia watu wametoka Mbeya pamoja wanaenda Dodoma, huyu kapita Iringa, yule kapita Chunya na Itigi, wote watafika ila sio kwa wakati mmoja.

Sasa hapa ndo panaponikosha. Wataalamu wakapiga hesabu wakasema kuna mwanga mwingine bado uko njiani, utatokea sehemu nyingine ya kundi hilo hilo, wakawa wanarudi na Hubble kuangalia na Desemba 2015 ukatokea kweli! Yaani mlipuko wa nyota umetabiriwa kabla haujaonekana, jamani.

Jina ni la Mnorwei Sjur Refsdal, alishaandika tangu 1964 kwamba ukipima picha zimepishana muda gani utajua ulimwengu unatanuka kwa kasi gani. Majibu ya 2023 yalitoka kama 65 hadi 67 (kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki, kipimo cha umbali mkubwa wa anga), afu supanova nyingine iliyoonwa na darubini ya Webb ikatoa kama 75, kwahiyo ubishi wa kasi hiyo bado mbichi kabisa.

Na wa Nyanda za Juu Kusini tusione ni mambo ya wazungu tu. Kupinda kwa mwanga kulipimwa kwenye kupatwa kwa jua Mei 29, 1919, mtaalamu wa anga Mwingereza Eddington akiwa kisiwa cha Principe, pwani ya Afrika Magharibi, na kivuli kile kile kikakata Kongo kikaja mpaka ncha ya kaskazini ya Malawi na kusini mwa nchi yetu kabla jua halijazama. Septemba 2016 watu walijaa Rujewa kuangalia jua likiwa pete na sikusikia mtu akilitaja hili, inaniuma kwakweli.

Supanova nyingine ya namna hii inayoitwa Requiem, kwa hesabu zilizotolewa 2021, ilitarajiwa kuonekana tena 2037 hivi. Walimu wa fizikia waambieni watoto mapema, walioko la kwanza saizi ndo watakaokuwa na umri wa kuipima wenyewe.