Hii ni ya siku ya ngapi?

Makopo manne ya bia niliyavisha soksi za baridi, zile nene nilizojua sitazivaa tena, nikayapanga katikati ya sanduku. Yalifika matatu. La nne lilipasuka njiani na kuloweka shati nililoliwekea nia ya kuvaa kanisani Jumapili ya kwanza. Nikatua Dar nanukia ndimu kama muuza supu ya pweza.

Miaka 11 Minneapolis, halafu unarudi na bia. Najua inavyosikika. Mizigo mingine iko kwenye kontena, na ya kontena tuyaache kwa leo.

Bia yenyewe ilitengenezwa na kiwanda kidogo, kikubwa kidogo kuliko gereji, mtaa wa pili kutoka nilipokuwa nakaa. Ni bia chachu iliyotengenezwa kwa kuiga kokteli ya margarita. Margarita asilia ni tekila, juisi ya ndimu, na pombe tamu ya maganda ya machungwa, halafu mdomo wa glasi unapakwa chumvi. Ndani ya kopo tekila haimo hata tone. Mtengenezaji ameweka maganda ya ndimu yaliyokwanguliwa, maganda ya machungwa machungu na chumvi kidogo, akauachia ulimi wako umalizie mwenyewe. Kilevi asilimia 4.5, yaani hata baadhi ya bia zetu za dukani huzidi hapo. Chumvi kwenye bia wala si ubunifu wa Wamarekani. Wajerumani wa Goslar na Leipzig wana bia yao ya ngano iitwayo Gose, chachu, yenye chumvi na mbegu za giligilani, na ni ya kale sana.

Nilipoionja mara ya kwanza ilikuwa Februari, nje theluji imefika magotini. Machozi yakanitoka. Wenzangu wa kazini wakacheka, nikasingizia uchachu.

Basi la kwenda Moshi nilikaa dirishani makusudi. Kutoka Korogwe kuelekea Mombo mkonge umejipanga mistari kama wanafunzi wa paredi, na nikajikuta nawaza margarita tena, kwa sababu tekila inatoka kwa ndugu wa mkonge. Mmea wao unaitwa agave, na mkonge nao ni agave. Wetu uliletwa na Mjerumani, Dokta Richard Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida. Alichukua miche 1,000, ikafika Tanga mizima 62 tu. Kwa hesabu hiyo mimi na makopo yangu matatu kati ya manne nilikuwa nimefanya vizuri sana.

Nilifika Kibosho saa kumi jioni. Shangazi alikuwa uani anachagua ulezi kwenye ungo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba yangu." Ananiita baba kwa sababu nina jina la baba yake. Akanitazama kuanzia viatu. "Umenenepa. Au ni hilo koti?"

Friji lipo, ila umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na bia hii ikiwa ya moto harufu ya maganda inakimbia yote unabaki na siki. Nikayashusha makopo kwenye mfereji nyuma ya migomba, nikayabana kwa jiwe. Maji ya pale yanatoka juu mlimani, ukiweka mkono ukahesabu hadi thelathini vidole vinauma. Ni mfereji uleule tuliotumwa kuchotea maji tukiwa wadogo. Nilikuwa nimesahau sauti yake usiku, ndiyo kitu nilichosahau kuliko vyote, nikalala siku mbili nikidhani mvua inanyesha.

Baba mdogo alikuja jioni hiyo na fimbo yake. Alifanya kazi mashamba ya mkonge Tanga ujanani, na mikono yake bado ina makovu ya miiba. Nilimweleza habari ya tekila. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wanakunywa mkonge?"

"Ndugu yake, baba mdogo. Wanakata majani wanayatupa, wanapika kile kisiki cha katikati."

"Sisi tulichukua majani tukaacha kisiki." Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyegundua kapunjwa mshahara wa miaka saba.

Glasi zilikuwepo kabatini, zile za wageni, lakini shangazi alileta kata. Nikamimina. Povu lilipanda jeupe na kufa mara moja, kama la soda. Rangi ilikuwa ya majani makavu, na ndani ya kibuyu cheusi ilionekana kama maji ya mchele. Harufu ilifika kabla ya kata kufika mdomoni: ndimu mbichi, ya ganda, ile inayokurukia machoni ukiibinya.

Baba mdogo alianza kwa sababu ni mkubwa. Akakunja uso wote, masikio yakasogea.

"Danzi," alisema.

"Ni machungwa ma..."

"Ni danzi. Tanga tulikuwa nalo nyuma ya kambi. Hili ni ganda la danzi." Na kweli, wanaotengeneza ile pombe tamu ya margarita hutumia maganda ya machungwa machungu, ambayo kwa Kiswahili ndiyo madanzi. Miaka yote ile nilikuwa nawaeleza Wazungu ladha ya ile bia kwa maneno sita, kumbe neno lilikuwepo moja.

Shangazi hakunywa haraka. Ametengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tangu kabla sijazaliwa, na alionja kama fundi anavyopapasa ukuta wa mwenzake. Alishika funda mdomoni, akameza, akasubiri. Akaonja tena.

"Nani kaweka chumvi?"

Nikamweleza.

"Na uchungu uko wapi?"

Hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zimo kidogo sana, na kwa mtu wa msesewe hazisikiki. Kwa wasioijua mbege: ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa kuwa unga wa kimea, unapikwa uji na maganda ya mti wa msesewe, kisha vinachanganywa. Msesewe ndio unaoleta uchungu, na uchungu huo unabaki nyuma ya ulimi hadi unapofika nyumbani kwako. Bila huo, alisema shangazi, pombe haina mlango wa kutokea. Niliiandika sentensi hiyo kwenye simu palepale.

Halafu akauliza lile lililonikaba.

"Hii ni ya siku ya ngapi?"

Nikageuza kopo nikatafuta tarehe. "Ina miezi mitatu, shangazi."

"Sikuulizi ilifungwa lini. Ni ya siku ya ngapi?"

Ilibidi nieleze inavyotengenezwa. Wanachemsha kimea cha shayiri na ngano, wanapoza mpaka uvuguvugu, kama nyuzi 40 hivi, wanatia bakteria wa kuchachua, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Wanaiacha siku moja au mbili. Ikifikia uchachu wanaoutaka wanaichemsha tena, bakteria wafe, uchachu usimame hapohapo. Ndipo wanatia hamira ilete kilevi, na maganda ya ndimu mwishoni. Kopo la Januari na la Juni ladha yake inalingana, na wanajivunia hilo.

"Wanawaua?"

"Ndiyo."

"Yelewi." Akaweka kata chini. "Kwa hiyo hii haina siku."

Baba mdogo, ambaye alikuwa amekwishajimiminia kopo la pili bila kuomba, alisema kwake haina ubaya, mgonjwa wa mafua ingemfaa. Ila akataka kujua kama mtu anaweza kulewa nayo, nikamwambia kwa shida, akaonekana kusikitika kwa niaba ya Marekani.

Mimi nilikuwa nimekwama kwenye swali. Bibi alikuwa akituita kwenye mbege kwa siku zake. Siku ya kwanza ilikuwa tamu, hata watoto tulilambishwa kidole. Ya pili ndiyo ya wazee, ya kukalia vigoda na kuzungumza mambo ya kihamba, shamba la ukoo. Ya tatu ilikuwa chachu kabisa, inauma mashavu, na bibi aliipenda hiyo, peke yake, nyuma ya jiko, akisema wengine hawajui kunywa. Uchachu ule wa Februari kule kwenye theluji ulikuwa wa siku ya tatu. Bibi alizikwa mwaka wa sita wa safari yangu, makaratasi yangu yakiwa mezani kwa watu, na nilitazama mazishi kwenye simu iliyokuwa inakatika.

Sikumwambia shangazi hayo. Nilimwambia tu kwamba inanikumbusha ya siku ya tatu.

"Ya mama," alisema. Akachukua kata, akanywa iliyobaki, safari hii bila kukunja uso. "Inakaribia. Tatizo anayeitengeneza ana haraka."

Kisha akanionyesha pipa la plastiki pembeni ya jiko, limefunikwa kwa majani ya mgomba na gunia. Ndizi zilikuwa ndani tangu Jumapili. Nikainamisha pua nikapokewa na joto tamu lenye ukali, na vipovu vikipanda kimoja kimoja na kupasuka. Akanipa kinu na vipande vya msesewe vilivyokauka. Nilitwanga hadi giza likaingia. Vumbi lake liliingia kwenye kucha, na usiku ule mtori wote niliokula ulikuwa mchungu.

"Unaondoka lini?" aliuliza, akiinua bakuli langu.

"Jumamosi, shangazi. Nina tiketi. Bandarini wananisubiri."

Akahesabu kwa vidole. "Ijumaa tunachanganya. Jumamosi bado ya watoto. Jumapili baada ya misa wazee wanakuja. Jumatatu..." Akaacha kidole cha tatu kimesimama, akanitazama.

Nikatoka nje kutafuta mtandao, nikampigia kijana wa tiketi.